Macho mekundu na swali lililomchekesha dokta

Januari 2024 wa Dar mnaikumbuka, ukipanda daladala saa moja usiku nusu ya abiria wamevaa miwani nyeusi kama wasanii, na konda naye jicho limevimba. Mimi ikanipata wiki hiyohiyo, machozi yanatiririka, ukifumba jicho unahisi mchanga ndani. Nikapita duka la dawa nikapewa kichupa cha matone, siku mbili wapi.

Nikaenda kwa dokta wa macho. Akakiangalia kichupa akasema hii antibayotiki, inaua bakteria, wewe una kirusi, rudi nyumbani, nawa mikono, taulo usichangie na mtu, subiri. Nkamuuliza sasa dokta miaka yote hii hamjapata tu dawa ya matone ya kirusi? Akacheka.

Basi nikakaa nyumbani nasoma kwa jicho moja. Kumbe dawa ya kwanza kabisa ya virusi kuruhusiwa kwa binadamu ilikuwa ya macho! Inaitwa idoksuridini, William Prusoff wa chuo cha Yale kule Marekani aliitengeneza 1959 akiwa kwenye mambo ya kansa, halafu 1962 daktari Herbert Kaufman akaonyesha inatibu ugonjwa wa kirusi cha hepesi kwenye jicho, ile inayochora kidonda chenye matawi kama mti kwenye kioo cha jicho. Kazi yake ni utapeli mtupu, inajifanya tofali la DNA, kirusi kinajenga nalo, nyumba inakuwa mbovu. Shida seli za jicho lenyewe nazo zinatapeliwa. Ndo baadaye ikaja asiklovia ambayo ni janja zaidi, inakaa imelala mpaka kimeng'enya (kifaa cha kazi) cha hepesi yenyewe kiiamshe, yaani kirusi kinamfungulia mwizi mlango.

Sasa macho mekundu ya mlipuko mara nyingi yanaletwa na virusi wengine, adenovirusi au enterovirusi, na hao kimeng'enya hicho hawana, kwahiyo asiklovia inabaki usingizini tu. Walijaribu dawa nyingine ya virusi, sidofovia ya matone, kwa adenovirusi, kwa sungura ikafanya vizuri, kwa watu ikawasha macho na hata kuziba vitundu vya machozi, wakaachana nayo.

Na jicho lenyewe halipendi dawa. Tone moja ni kubwa kuliko linavyoweza kubeba, nyingine inamwagika shavuni, nyingine inapita kwenye kitundu cha machozi mpaka kooni (ule uchungu unaousikia mdomoni ndo huo), dakika chache machozi yameshaosha kila kitu, ndo maana dawa kama trifluridini, ya hepesi ya jicho, mtu anaweka kila baada ya saa mbili akiwa macho. Halafu ugonjwa wenyewe unaisha baada ya wiki moja au mbili, sasa mtafiti atathibitishaje ni dawa yake iliyoponya na sio mwili tu?

Kitu kimoja dokta alinikazia, msinunue kiholela matone yenye steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe. Wekundu unapungua kweli unafurahi, ila kama ni hepesi umeimwagilia maji.

Yangu yalipona siku ya tisa. Jana shangazi kapiga simu, jicho linamuwasha, anauliza kile kichupa changu kilibaki? Nimemwambia nilishakitupa, kanuna.