Kisibiti si bizari ya pilau

Ukiingia duka la vyakula Ujerumani kutafuta bizari ya pilau, pakiti utakayoikuta kwanza mara nyingi imeandikwa Kümmel. Mbegu zake ni nyembamba, za kahawia, zina mistari, na anayezitazama haraka atazitia kikapuni bila wasiwasi. Hizo ni kisibiti. Bizari nyembamba, ambayo Zanzibar na Mombasa wengi huiita uzile, Wajerumani wanaiita Kreuzkümmel. Ni herufi chache tu zimeongezeka mbele, lakini chungu kizima cha pilau kinaharibika kwa ajili yake.

Mkanganyiko huo uko karibu Ulaya yote ya kaskazini. Uswidi, kummin ni kisibiti na bizari ni spiskummin. Denmark ni kommen na spidskommen. Ufini, kumina ni kisibiti, bizari wanaiita juustokumina. Uholanzi ndio wenye kudanganya zaidi, maana kwao komijn ni bizari kweli, na kisibiti ni karwij. Walio Oman na Ghuba wana nafuu: kamuni ni bizari, karawya ni kisibiti, na majina hayo hayafanani. Njia ya uhakika kuliko zote ni kusoma jina la Kilatini nyuma ya pakiti. Carum carvi ni kisibiti, Cuminum cyminum ni bizari.

Kama pakiti haina maandishi, mimina mbegu chache kiganjani. Kisibiti imepinda kama mwezi mwandamo, ina rangi ya kahawia iliyokoza, na mistari yake mitano iliyopauka inaonekana wazi. Bizari imenyooka zaidi, rangi yake inaelekea ukijani wa majani makavu, na ukiisogeza machoni utaona vinyweleo. Halafu itafune moja. Bizari inakupa pilau papo hapo. Kisibiti inaanza na ubaridi kidogo kama wa mnanaa, inafuata harufu ya ganda la chungwa, kisha uchungu mdogo unaobaki ulimini.

Harufu hiyo ina sababu. Mafuta ya kisibiti kwa sehemu kubwa ni vitu viwili: kavoni, ambayo kwa kawaida ni nusu au zaidi, na limonini, ileile inayonukia katika ganda la chungwa na limau. Mnanaa nao una kavoni, ila molekuli zake zimegeuzwa, kama mkono wa kulia na wa kushoto. Pua inazitofautisha bila shida. Bizari haitegemei kavoni hata kidogo. Harufu yake inatokana na kitu kingine kabisa. Ndiyo maana kuongeza au kupunguza kipimo hakusaidii: kisibiti haiwezi kushika nafasi ya bizari, hata ukitia kidogo.

Upande wa lishe, takwimu zinavutia hadi utakapokumbuka kijiko. Gramu 100 za kisibiti zina kilokalori 333, protini karibu gramu 20, nyuzinyuzi gramu 38, kalsiamu miligramu 689 na chuma miligramu 16. Lakini kijiko cha chai kilichojaa ni gramu 2 hivi, na hicho kinatosha sufuria ya watu wanne. Ukikila chote peke yako umepata chuma theluthi moja ya miligramu na kalsiamu miligramu 14. Asikudanganye mtu kuwa mbegu hii inaongeza damu. Mchicha na maharage ndiyo ya kutegemea.

Inachosaidia ni tumbo lenye gesi. Wakala wa Dawa wa Ulaya unaitambua kama dawa ya jadi ya kupunguza gesi na tumbo kujaa, kwa watu wazima na vijana kuanzia miaka 12. Utambuzi huo umetokana na matumizi ya muda mrefu, si majaribio makubwa ya hospitali. Ponda nusu kijiko cha chai hadi kijiko kimoja, mwagia kikombe cha maji yaliyochemka, kisha funika kwa dakika 10. Kufunika ni lazima, kwa sababu mafuta yenye kazi yanapanda na mvuke, na kikombe kilichoachwa wazi kinabaki na maji ya kahawia tu. Mafuta ya kisibiti ya chupa ni makali mno, mtoto asipewe.

Hapo ndipo unaelewa kwa nini Ulaya ya kati wanaitia kwenye vyakula vizito: mkate wa rai (nafaka jamii ya ngano), nyama ya mafuta, jibini, na zaidi ya yote kabichi. Kabichi ndiyo ya kuanzia, kwa sababu hata Lushoto na Limuru inapatikana tele.

Kwa kabichi ya kuchachusha chukua kilo 1 iliyokatwa nyembamba, chumvi gramu 20, kisibiti nzima kijiko 1 cha chai. Pima chumvi kwa mizani, usikisie: ikipungua sana kabichi inalainika na kuoza, ikizidi uchachu unachelewa. Finyanga kabichi na chumvi kwa mikono dakika 10 mpaka ikukamulie maji, changanya mbegu, kisha shindilia kwenye chupa ya kioo mpaka maji yake yenyewe yaifunike. Weka kitu kizito safi juu. Jani linalochungulia juu ya maji ndilo litakaloota ukungu. Kwenye nyuzi 18 hadi 22 subiri wiki mbili hadi nne. Joto la Dar es Salaam au Mombasa linaiharakisha sana, kwa hiyo anza kuonja siku ya nne na uihamishie kwenye friji ikifikia uchachu unaoupenda. Fungua kifuniko kila siku gesi itoke. Utando mweupe laini juu ya maji hauna madhara, uondoe kwa kijiko. Ukungu wenye manyoya, au wenye rangi ya kijani, nyeusi au waridi, mwaga yote.

Viazi ni rahisi zaidi. Vikate nusu kwa urefu bila kumenya, paka mafuta kwenye trei, nyunyiza chumvi na kisibiti juu ya mafuta hayo, kisha laza viazi upande uliokatwa ukiwa chini, juu ya mbegu. Oka nyuzi 200 kwa dakika 35 hadi 40. Ukinyunyiza mbegu juu ya viazi zinaungua na kuwa chungu. Zikiwa chini, kiazi kinazikinga na zinajishika kwenye ngozi ya kahawia inayojitengeneza pale.

Tunisia nao wana njia yao, na kwa mla pilipili hii ndiyo bora. Harisa, rojo zito la pilipili ambalo UNESCO iliiingiza mwaka 2022 kwenye orodha ya urithi wa utamaduni, inanukia kisibiti na giligilani. Loweka pilipili kavu gramu 100 kwenye maji ya moto nusu saa, toa mbegu, kamua hasa. Saga na vitunguu saumu punje 5, kisibiti kijiko 1 cha chakula na giligilani kijiko 1, zote zimekaangwa kavu na kutwangwa, chumvi kijiko 1½ cha chai, na mafuta ya zeituni. Kisibiti na giligilani zikaange kwa moto mdogo dakika moja au mbili tu, uziepue harufu inapoanza kupanda. Zikishika weusi, zitupe uanze upya. Funika harisa kwa mafuta juu na uiweke kwenye friji. Pilipili isiyokamuliwa vizuri ndiyo inayofanya ichache mapema.

Nunua mbegu nzima na utwange unapohitaji, maana ya unga hupoteza harufu ndani ya miezi michache.

Na kama umeshaitia kwenye pilau? Ukigundua ukiwa bado kwenye vitunguu na mafuta, simama hapo hapo, usitie nyama wala mchele. Kavoni imeshaingia kwenye mafuta, kuokota mbegu hakutaitoa. Anza na sufuria nyingine. Vile vitunguu usivimwage: katia kabichi, chumvi na tone la siki, funika kwa moto mdogo nusu saa.