Kupima Nguzo za Isimila

Mwaka 2009 tuliwapeleka wanafunzi wa kidato cha tatu Isimila, korongo lenye nguzo ndefu za udongo na zana za mawe za kale, kama kilomita 20 kutoka Iringa mjini kwa barabara ya Mbeya. Barua za wazazi zilikwisha kurudi na sahihi, na kila kundi lilibeba kipimapembe, mrija wa soda, uzi, nati moja na futikamba.

Kifaa chenyewe cha kupimia urefu wa nguzo walikiunda darasani siku iliyotangulia. Mrija hubandikwa kwa selotepu kwenye ukingo ulionyooka wa kipimapembe. Uzi hufungwa katikati ya ukingo huo, nati ikaning'inia chini. Selotepu ikikazwa mno, mrija hubonyea na kilele hakionekani. Nati ndogo nayo haifai, maana upepo wa korongoni huichezea.

Mmoja huchungulia kilele cha nguzo ya udongo kupitia mrija, akisogea mbele au nyuma mpaka uzi usome nyuzi 45. Mwenzake huubana uzi kwa kidole kabla kifaa hakijashushwa. Umbali hadi kwenye nguzo, ukijumlishwa na kimo cha macho ya mchunguliaji kutoka ardhini, ndio urefu wa nguzo. Sharti asimame usawa mmoja na kitako cha nguzo. Akipanda tutani, hesabu inaharibika.

Wakiwa pale chini waliona wenyewe kwa nini nguzo zimesimama: maji yamekula udongo laini pembeni, na tabaka gumu la juu likakinga lililo chini yake.

Tulipofika kwenye zana za mawe niliwaeleza kwamba mwaka 1951 aliyeziokota alikuwa mwanafunzi wa shule, kutoka Johannesburg. Walichangamka sana. Mtembezaji akawapa shoka la mkono walipokezane: halina mpini, limechongwa pande zote mbili, na baadhi ya wanafunzi walilazimika kulishika kwa mikono miwili. Kwenye projekta, shoka dogo na kubwa hujaza kitambaa kilekile.

Siku hizi shule nyingi humaliza masomo kama haya kwa video. Sababu nazijua: mafuta ni ghali, na tangu elimu bila ada ianze Januari 2016 michango ya wazazi imebanwa. Hata hivyo inaniuma, kwa sababu video huleta urefu wa nguzo ukiwa umeshakokotolewa.

Kesho yake baada ya safari ile, makundi yalileta vipimo vilivyopishana kwa nguzo ileile, na kipindi kizima kikaisha kwa ubishi. Msichana mmoja wa kundi la nyuma ndiye aliyegundua kasoro. Wengi walikuwa wameikomesha futikamba kwenye ukuta wa nguzo ulio karibu nao, ilhali kilele kiko juu ya katikati ya kitako. Ilibidi waongeze nusu ya upana wa kitako. Wakarudi kwenye madaftari, wakaongeza, na vipimo vikakaribiana.