Asubuhi ya miiba Pian Upe

Jamani, leo nimetembea Pian Upe, hifadhi ya wanyama kaskazini mashariki mwa Uganda, na bado miguu ina vumbi jekundu. Matembezi ya muda wa saa mbili tu na ushee, mimi, dada yangu na askari wa hifadhi mwenye bunduki begani. Hatukukutana na mtalii hata mmoja.

Wengi tunaopanda gari Mbale kwenda Moroto tunapita pale tukisinzia. Ni pori la nyasi, migunga na vichaka, Mlima Kadam umesimama upande mmoja, Napak ule mwingine. Jina limebeba majirani wawili: Wapian, ambao ni Wakaramojong, na Upe, yaani Wapokot.

Kongoni tulimwona kwenye kichuguu. Amepanda juu kabisa, miguu minne imebanana, anatuangalia. Askari akanong'ona, "Huyo ndiye mlinzi wao, msisogee." Tukasimama. Nilisikia inzi, nyasi zikisuguana, na pumzi ya dada yangu. Kisha kongoni akapiga chafya kali, na kundi zima ambalo hatukuwa tumeliona likachomoka vichakani!

Duma hatukumwona, ingawa wamo. Mwiba wa mgunga ulipenya soli ya ndala za dada, tukautoa kwa meno. (Vaeni viatu vigumu, tafadhali.)

Naipenda nchi hii kavu kuliko ninavyoweza kueleza. Watu husema huko hakuna kitu, na inaniuma. Mwezi ujao nampeleka mama, naye ameshaanza kuuliza tutaondoka saa ngapi.