Tundu lililonitia hasara

Jana nimefungua lile kopo la maziwa ya unga ninamoweka sarafu zangu, nkakutana tena na ile pesa ya Barghash nkacheka peke yangu. Kwa wasioijua, ni ya shaba, upande mmoja jina la huyo Barghash, Sultani wa Zanzibar, kwa Kiarabu, upande wa pili mizani na mwaka 1299 wa Hijria, yani 1882 hivi. Hapa Lamu utazikuta kwenye masanduku ya wazee.

Yangu niliuziwa ati ni kosa la kiwandani. Muuzaji akaniambia pesa za Barghash hazina tundu, hii inalo, kwa hiyo ni adimu. Mimi nkaona maneno yana akili, nkalipa. Sisemi ngapi manake mke wangu husoma humu.

Nkampelekea ami yangu, fundi wa fedha. Yuko barazani na kikombe chake cha kahawa, hata lensi hakuchukua, akapitisha ukucha tu. "Ndoo uguse hapa." Nkagusa. Nyuma ya tundu kuna kijimdomo kikali kinakwaruza kidole, shaba ilisukumwa ikatokea huku, na herufi zilizopitiwa zimekatwa wazi kama kwa msumari. "Hii ilitobolewa itiwe uzi, avae mtoto. Umenunua kidani wewe."

Kisha akanitolea peni yake ya mkoloni, ile senti kumi ya East Africa, tundu lake la katikati limeenda kando kabisa. Hilo ndilo kosa lenyewe. Tundu la peni hutobolewa kipande kikiwa bado kitupu, muhuri unaochapa picha na maandishi unapiga baadaye, so mdomo wake ni laini, na maandishi yaliyo jirani hayakukatwa, yamelegea tu kuelekea ndani maana shaba haikuwa na pa kuegemea. Nimezigeuza zote mbili pale mpaka kahawa ikapoa.

Tangu siku hiyo kila sarafu naiuliza, hili jeraha lilikupata kabla muhuri haujashuka ama baada? Mstari ukiwa umeinuka juu ya uso, huenda muhuri wenyewe ulipata ufa na madini yakaujaza, huo ni wa kiwandani. Mstari ukichimba ndani ni mkwaruzo, basi, hata ukiwa mzuri vipi. Ukingo ukikosa kipande kama umeng'atwa, tazama upande ulio mkabala, mara nyingi kosa la kweli huacha ukingo wa huko umefifia, anayekata kwa tupa hawezi kuiga hilo. Na hizi za shilingi 20 za rangi mbili zilizotoka moyo wa katikati, jamani, watoto wanazigonga kwa nyundo, msiniletee tena.

Ile ya Barghash sikuirudisha, muuzaji mwenyewe simuoni siku hizi. Binti yangu aliiomba aivae nkampa, tundu si lipo tayari.