Kengele ya maji inalia, na maji yapo

Kila tukipanda kuelekea Kadutu, gari inaanza: bip-bip-bip, na taa ya maji ya radieta inawaka kwenye tablo. Tukifika pa tambarare, kimya. Wengi waliniambia nikate waya wa kengele, yaishe. Nilikataa. Siku maji yatakapokwisha kweli kwenye hii milima yetu ya Bukavu, ni injini nzima itaungua, na nani atanilipia?

Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa (ikiwa moto usiguse kifuniko, mvuke unababua uso), tulitazama chupa ya maji ya radieta: maji yalikuwa kati ya alama ya chini na ya juu. Sindano ya joto nayo haijawahi kupanda. Basi kapteri, yaani kifaa kinachopima kiwango cha maji na kuliza kengele, ndiyo ya kushuku.

Fundi wa mtaani kwetu, kijana mtulivu sana, alimwaga maji akaichomoa chini ya chupa. Ndani mna boya dogo lenye sumaku. Likielea kengele inanyamaza, likishuka inalia. Lilikuwa limegandamana na tope la rangi ya kutu, linapanda nusu tu. Kwenye mlima maji yakiegemea upande mmoja, linaanguka.

Akalisugua kwa mswaki na maji ya uvuguvugu, akawasha kontakti (swichi ya ufunguo), akalisukuma kwa kidole: chini kengele inalia, juu kimya. Nilifurahi mno! Tukasafisha chupa na kujaza likido ya radieta, siyo maji ya bomba.

Ukiambiwa ununue kapteri mpya, omba kwanza ya zamani ichomolewe uione.