Kamba ya muda ya mita 6.6: kumbukumbu ya mradi, Kirumba

Wiki ya 1: kipimo

Tunatengeneza kamba moja ya ukutani, hapa barazani Kirumba, Mwanza, itakayobeba muda wa kila aina: kuanzia wimbi moja la mwanga hadi umri wa ulimwengu. Kipimo cha kawaida kilikataa mapema. Ukitoa milimita moja kwa kila mwaka, umri wa Dunia (miaka bilioni 4.54) unadai kamba ya kilomita 4,540, na safari ya Mwanza hadi Dar es Salaam kwa barabara haifiki hata theluthi ya hapo. Sekunde nayo, kwenye kamba hiyo hiyo, haionekani hata kwa hadubini.

Tumehamia logarithimu. Kila sentimita 20, muda unazidishwa kwa 10. Sekunde 1 ndiyo sifuri. Kulia tunakwenda hadi kipeo cha 18, yaani 10 ikizidishwa mara 18 (sm 360), kushoto hadi kipeo cha −15 (sm 300). Hesabu ni moja tu: geuza muda uwe sekunde, tafuta logi yake (kipeo cha 10 kinachotoa namba hiyo), zidisha kwa 20. Mwaka una sekunde 31,557,600, logi yake ni 7.499, kwa hiyo alama inakaa sm 150.0. Siku iko sm 98.7, saa sm 71.1, dakika sm 35.6. Mwezi, yaani kutoka mbalamwezi hadi mbalamwezi, siku 29.53, uko sm 128.1. Hiyo ndiyo alama ambayo mvuvi yeyote wa dagaa anaielewa bila maelezo, maana taa za ziwani hufuata giza.

Alama hasi ndizo zinazochanganya watu. Kushoto kwa sifuri si "zamani". Ni chini ya sekunde moja. Na muda wa sifuri, yaani muda usiokuwepo kabisa, hauna mahali kwenye kamba hii hata ukiirefusha hadi Musoma.

Wiki ya 2: kosa la kitufe

Alama ya siku moja ilijikuta sm 227.3, ikikaribiana na nusu-maisha ya kaboni-14, yaani muda wa nusu yake kuoza (miaka 5,730, sm 225.1). Kalkuleta ilikuwa sawa. Kitufe kilichobonyezwa ni "ln" (logi asilia, isiyotumia 10) badala ya "log". Hiyo "ln" huongeza jibu mara 2.303, na hatari yake ni kwamba namba inayotoka bado inaonekana ya kuaminika. Jaribio la haraka kabla ya kuanza: andika 1000, bonyeza. Ukipata 3, endelea. Ukipata 6.9, umekosea kitufe.

Kwa kugawa katikati ya vipeo tumekata rula ya kadibodi ya sm 20: mara 2 iko sm 6.0, mara 3 sm 9.5, mara 5 sm 14.0, mara 7 sm 16.9. Katikati ya rula, sm 10, si mara 5 wala 5.5, ni mara 3.16. Karibu kila mtu hukosea hapo mara ya kwanza.

Wiki ya 3: kamba yenyewe

Toleo la kwanza lilikuwa nailoni ya mm 6, vipeo vimeandikwa ukutani kwa rangi ya mafuta, matukio yamefungwa kama mafundo kwenye kamba. Mambo mawili yaliharibika.

Fundo hula kamba. Kila moja linameza sentimita kadhaa, kwa hiyo kila ukifunga jipya, yaliyopimwa nje yake yanavutwa kuelekea sifuri. Usifunge mafundo. Zungushia uzi wa nyavu mara nane au kumi, kaza, kisha tone la gundi.

La pili lilikuwa mvua. Nailoni hunywa maji na kurefuka ikivutwa. Sifuri ilishikwa na msumari, jiwe likivuta ncha ya kulia, na kamba ikaongezeka kama asilimia 1. Unaweza kuona ni kidogo. Lakini asilimia 1 ya sm 343 ni sm 3.4, na kwenye kipimo hiki sm 3.4 ni kuzidisha kwa 1.48. Asubuhi ile Dunia ilisomeka ina miaka bilioni 6.7. Alama ya dakika, iliyo karibu na sifuri, ilikosea kwa asilimia 4 tu.

Toleo la pili ni manila ya plastiki, isiyonywa maji. Ilining'inizwa na dumu la lita 20 lililojaa maji usiku kucha ndipo ikapimwa, na vipeo vimehamia kwenye kamba yenyewe ili vinyooke pamoja na matukio. Ndoano kila mita moja kuzuia isilegee.

Wiki ya 4: juu na chini

Nusu-maisha ya urani-238 (miaka bilioni 4.468) na umri wa Dunia vimetengana kwa milimita 1.4. Nyuzi mbili haziingii hapo. Tatizo hilo limetufundisha kupanga: vibao vya juu ni muda ambao jambo huchukua, vibao vya chini ni umri, yaani muda uliopita tangu jambo litokee. Urani juu, Dunia chini. Huo ukaribu ni bahati, lakini una faida: karibu nusu ya urani-238 ya mwanzo bado ipo, ndiyo maana inafaa kupimia miamba mikongwe.

Chini, kulia: ulimwengu (bilioni 13.8) sm 352.8, Dunia sm 343.1, mawe ya matale ya Mwanza, Bismarck Rock likiwemo, tumeyaweka sm 337.9 kwa kima cha chini cha miaka bilioni 2.5. Sm 5 tu kutoka Dunia yenyewe! Ziwa Victoria ni kijana: miaka kama 400,000, sm 262.0. Na kurudi kwa maji baada ya ziwa kukauka, kama miaka 15,000 iliyopita, sm 233.5.

Juu, kushoto: mzunguko mmoja wa umeme wa 50 Hz, sm 34.0, maisha ya myuoni (chembe kama elektroni, ila nzito zaidi), sm 113.2, mwanga kuvuka mita moja, sm 169.5, mtetemo mmoja wa atomi ya sezi (cesium) unaofafanua sekunde (9,192,631,770 kwa sekunde), sm 199.3, mtetemo mmoja wa kifungo cha O–H (oksijeni na hidrojeni) katika molekuli ya maji, sm 280, wimbi la mwanga wa kijani, sm 294.7.

Wiki ya 5: alama zinazotembea

Umri hausimami. Sangara waliingizwa ziwani miaka ya 1950. Kwa miaka 70 alama iko sm 186.9, na mwaka ujao itasogea milimita 1.2. Alama ya miaka 15,000 itasogea milimita 0.006. Tukio lililotimiza mwaka mmoja leo litaruka sm 6 kufikia mwaka wa pili. Kwa hiyo alama zote za chini zenye umri wa chini ya miaka 100 zimetolewa gundi na kuwekewa pete za waya zinazoteleza. Kila Januari zitasogezwa kwa rula ya kadibodi, sangara kwanza.