Nilianzia pabaya

Msimu wa kwanza nilifyeka kwa hasira. Korongo lililo nyuma ya nyumba lilikuwa limemezwa na lantana, kichaka cha kigeni kinachovamia ardhi, nami nikachagua pale iliposongamana zaidi, mahali ambapo hata mbwa hapenyi. Siku nne za panga, glavu zikatoboka. Vimiiba vya lantana ni vidogo lakini vina roho mbaya. Nilipomaliza pakawa peupe, nikapiga picha, nikawatumia jamaa.

Mvua ikanyesha. Wiki chache baadaye kila kisiki kilikuwa kimetoa machipukizi sita saba, na katikati yake miche mipya ya lantana imejaa utadhani mtu kaisia. Mbegu zilikuwa udongoni zikingoja mwanga, na mimi ndiye niliyezifungulia dirisha. Nyingine ndege waliendelea kuzileta, maana yale matunda meusi hawayaachi.

Walionizindua ni Joan na Eileen Bradley, dada wawili wa Sydney, Australia, waliokuwa wakipalilia msitu wa karibu na kwao kwa mikono miaka ya 1960. Wao walianzia pazima, pale mimea ya asili ilipokuwa bado na nguvu, wakasogea polepole kuelekea palipoharibika, na hawakusonga mbele kabla mimea ya asili haijaziba pengo. Niliposoma hayo nikacheka peke yangu. Mimi nilikuwa nimekimbilia kwenye donda kubwa kuliko yote.

Basi nikahamia juu, chini ya mkuyu mzee. Kivuli chake kinaidhoofisha lantana: vishina vyembamba, maua haba. Panga nimelipumzisha, nashika sururu. Nakata mzizi mkuu vidole viwili vitatu chini ya usawa wa ardhi, nainua kichaka kizima, nakigeuza kichwa chini miguu juu ili kisishike udongo tena. Njia hii imetumika India, hata kwenye hifadhi ya chuimilia ya Corbett. Ni kazi ya kuvunja mgongo, na kwa siku napata eneo la mikeka miwili hivi. Shimo nalifukia papo hapo na kulikanyaga, maana udongo uliotifuliwa ndio kitanda cha lantana.

Jumamosi moja sururu ilikuwa tayari hewani nilipouona mche mmoja umejikunja chini ya kichaka, majani manne, umepauka kwa kukosa jua. Nikakata ncha ya jani. Likatoka tone la utomvu mweupe. Jani la lantana ukilisugua linanuka tu, halitoi maziwa. Nikaiweka sururu chini, nikapiga magoti, nikaanza kupapasa: mkuyu mwingine, na mwingine. Kumi na mmoja, na sikupanda hata mmoja.

Sasa mrefu kuliko yote unanifika gotini. Kule chini nilikoanzia, lantana imerudi yote na inachanua manjano na waridi, vipepeo tele. Napita tu kuvikata vichwa vya maua kabla havijazaa, narudi juu.